Shamba la Lazima

Justin aliniomba niandike kabla sijaondoka. Alisema vijana wanaokuja hawatakuwa na mutu wa kuwavunjia kazi zao, basi angalau wabaki na maneno yangu. Nikamujibu kwamba shule yangu iliishia mwaka wa ine wa primere, sababu baba yangu aliona mutoto mwanamuke anayeweza kusoma jina la sabuni ametosha. Justin akasema hayo makosa yangu ya herufi ndiyo anayataka. Basi haya hapa. Ninaandika kwa kidole gumba kimoja, nimeketi kwenye kiti cha plastiki hapa Majengo, mujukuu wangu wa mwisho amelala mugongoni. Atakayeona kosa aliache palepale. Nimestaafu.

Kwa wasionijua, mimi ni Kavira, na pale atelye, karakana ya Justin na wenzake, waliniita Koko Kavira, yaani Bibi Kavira. Vijana wa atelye wanatengeneza aplikasiyo za telefone. Kazi yangu ilikuwa kuandika vibaya ndani yake. Nilipewa telefone nikaandika kama watu wanavyoandika kweli: mikono ina unga wa muhogo, mvua inanyesha, jirani anakuongelesha, batri inakufa. Aplikasiyo ikianguka, mimi ninacheka na wao wanarekebisha. Vyeo na mishahara sitavieleza. Cheo changu kilikuwa kiti cha karibu na dirisha, na mushahara niliula.

Lakini sikuanza na telefone. Nilianza na Muzee Anselme.

Huyo alikuwa na mashini ya kuandikia, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, aliyoiweka chini ya bati pembeni mwa soko. Watu walimueleza shida zao naye akaziandika: barua ya kuomba kazi, barua ya uchumba, barua ya kumushitaki jirani mwenye mbuzi. Mimi niliuza mihogo ya kuchemsha mbele ya meza yake. Macho yake yalipoanza kumuchoka, akanitazama jinsi ninavyopanga mihogo, akasema mikono yangu inajua kungoja, niingie nyuma ya meza. Nikafikiri ananitania. Mihogo ilipoa siku hiyo.

Mwanzoni hakuniruhusu kugusa karatasi. Nilipiga vidole juu ya mbao, macho yamefungwa, hadi nikajua A iko wapi na M iko wapi kama ninavyojua mulango wa nyumba yangu gizani. Mashini ile haikuwa na musamaha. Ukipiga herufi mbaya inabaki, na mutu atakwenda nayo hadi kwa gavana. Kwa hiyo Muzee alitaka nisikilize kwanza yote, ndipo nipige. Na jambo moja alilirudia hadi nikalichukia. Mwanamuke mumoja alitaja jina la mutoto wake, mimi nikaliandika vile nilivyoona ni sawa. Muzee akang'oa karatasi kutoka kwenye mashini.

“Umemusahihisha nani?” akaniuliza.

“Nimesahihisha jina, Muzee. Amelisema vibaya.”

“Jina ni lake. Wewe ni kidole tu.”

Hilo ndilo somo lote. Mengine ni ufundi.

Kisha wakimbizi wakaja kutoka ng'ambo ya mupaka. Barabara ilijaa watu hadi ziwani, na watu waliokuja kwenye meza yetu hawakutaka tena barua za uchumba. Walikuja na neno moja: namutafuta. Namutafuta bwana yangu, namutafuta mama yangu, namutafuta dada mwenye kovu hapa. Tuliandika neno hilo hadi herufi N ikakatika muguu mumoja, na tangu hapo barua zetu zote zilichechemea. Tulizibandika kwenye milango ya kanisa na kwenye nguzo. Wengine walipatikana. Wengi hatukujua.

Baadaye vita ikatufukuza na sisi. Nilifunga mashini mugongoni kwa kitenge tukaelekea Sake, mutoto wangu wa kweli nikamushika mukono. Kwenye barieri ya asikari barabarani mashini ikapiga kengele yake ndogo, ting, na asikari akaniuliza ni mutoto wa aina gani ninayebeba. Nikafungua. Alicheka sana. Akataka nimuandikie jina lake, nikaliandika palepale chini, akakunja karatasi ndani ya kofia yake, tukapita. Binti yangu hadi leo ananikumbusha kwamba yeye alitembea kwa miguu na chuma ikabebwa. Ninamujibu kwamba chuma ile ndiyo iliyomulisha, na kwamba kutembea kulimupa miguu ya kuzaa mutoto anayesoma enjenieri huko Bukavu. Niliahidi kutomutaja huyo mujukuu wangu katika maandishi ya kazi. Nimemutaja.

Muzee Anselme alilala usingizi wa mwisho tukiwa tumekwisha kurudi. Mashini ilibaki kwangu, lakini siku zake nazo zilikuwa zimekwisha, maana kompyuta zilianza kuingia kupitia mupakani Bunagana, na watu wakafungua saiba, vyumba vya kukodisha kompyuta. Nikapata kazi ya kuandikia wateja katika saiba moja karibu na raundi-poenti ya barabara. Kompyuta zake zilikuwa zimetoka upande wa Uganda, zikapanda kilima hadi mulangoni juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, zikiwa na klavie za Kiingereza. Hakuna aliyeniambia kwamba Waingereza wamehamisha herufi. Vidole vyangu vilijifunza klavie ya Kifaransa. Mahali pangu pa A, wao wameweka Q. Mahali pangu pa M, wameweka ile nukta yenye mukia chini yake. Barua ya kwanza niliiandika haraka, bila kutazama, kwa kujivuna, ya kijana mumoja anayemusalimu mama yake. Neno mama likatoka hivi: ;q;q.

Yule kijana aliitazama muda murefu. Akaniuliza kama mama yake atahitaji Muchina wa kumusomea.

Basi vijana, andikeni hili mahali: klavie haiko kwenye meza, iko kwenye vidole vya mutu. Ukiihamisha, usimuambie mutu kwamba ni mujinga.

Jambo moja la kompyuta nililipenda bila ugomvi, ni ile njia ya kurudi nyuma. Unakosea, unabonyeza, kosa halijawahi kutokea. Mara ya kwanza nililifanya kisha nikaliondoa, nikalifanya tena, nikaliondoa tena, hadi mwenye saiba akaniuliza kama niko na malaria.

Justin nilimukuta pale saiba. Alikuwa ametoka unifu, chuo kikuu, hivi karibuni, anavaa shati limepigwa pasi na viatu vya vumbi, na pamoja na wenzake walikuwa wamepanga chumba kimoja juu ya duka la misumari ambacho walikiita atelye. Akanipa telefone yenye aplikasiyo yao ya kwanza, ya kuagiza samaki kutoka Vitshumbi. Niandike tu jina langu, akasema, ni rahisi. Nikaandika Kavira. Nikagusa mustari wa pili. Jina langu likageuka kuwa Caviar.

Nikamuuliza Caviar ni nani. Akaeleza, kwa haya kidogo, kwamba ni mayai ya samaki ambayo matajiri wa Ulaya wanakula kwa kijiko kidogo. Nikamuambia kwamba Vitshumbi mayai hayo yanakaangwa na kitunguu wanapewa watoto, na hakuna anayepiga kelele. Kisha nikaandika Masika, jina la dada yangu. Ikawa Musique. Nikaandika Sake, ikawa Sac, yaani mufuko kwa Kifaransa. Justin alikaa chini.

“Mama, unaweza kuja kesho?” akasema.

“Kufanya nini?”

“Hicho hicho.”

Ndivyo nilivyoajiriwa. Na dawa yake, kama kuna mugeni kati yenu asiyeijua: mahali pa jina la mutu, muzime yule musahihishaji wa telefone. Mahali pa kijiji pia. Mumuache kwenye barua ndefu, huko anasaidia kidogo, ingawa hata huko anapenda kubadili mutoto kuwa moto, na mwalimu akiandikiwa kwamba moto yuko shuleni hajala, anaita watu wa ndoo.

Katika atelye walikuwa wanne, lakini yule niliyepigana naye kila siku ni Esperanse, binti mwembamba wa familia ya Rutshuru, mwenye vidole vya haraka na ulimi wa haraka kuliko vidole. Yeye ndiye aliyeandika sehemu zote ambapo mutu anaingiza maneno, kwa hiyo mimi nilikuwa adui wake wa kazi. Nikinyamaza sana angeuliza bila kugeuka:

“Koko, umevunja nini tena?”

“Sijavunja. Nimeandika tu.”

“Umeandika nini?”

“Jina ya bibi yako yote. Imekatika katikati.”

Na kweli ilikuwa imekatika. Kwenye kisanduku cha jina walikuwa wameacha nafasi ya mutu wa Ulaya, jina fupi kama kikohozi. Jina la bibi wa Rutshuru ni sentensi nzima, lina salamu na sala ndani yake. Akarefusha. Kesho yake nikamuonyesha kwamba klavie ikipanda kutoka chini inafunika mustari ninaouandika, ni kama kuandika barua huku mutu amekalia karatasi. Akasogeza mustari juu. Kesho kutwa nikalala ubavu kitandani kama watu wote wanavyofanya, telefone ikageuka upande pamoja nami, na maneno yangu yote yakapotea. Hilo lilimukasirisha kweli, sababu alidhani hakuna mutu anayejaza fomu amelala. Nikamuambia atembelee nyumba za watu. Akalitengeneza: sasa telefone ikigeuka, maneno yanashikwa kwanza, yanarudishwa baadaye. Jaribuni wenyewe.

Kulikuwa na shida ya Kambale. Kwetu Wanande, Kambale ni mutoto wa kiume wa pili, kwa hiyo Kambale wako wengi kama mawe ya volkano. Lakini nilipomutafuta Kambale niliyemuingiza asubuhi, mashini, yaani aplikasiyo yetu, ilisema hayuko. Nilimuona, yuko pale! Mashini ikasema hayuko. Esperanse alikula chakula chake akiwa amesimama siku hiyo. Jioni akagundua kwamba telefone ikikupendekezea neno nawe ukalikubali, inaongeza nafasi tupu nyuma yake, na mashini inaihesabu nafasi hiyo kama herufi. Kambale mumoja alikuwa na mukia usioonekana. Tangu siku hiyo, katika atelye yetu, kabla ya kulinganisha majina tunakata mikia. Esperanse aliliandika kwenye ukuta kwa kalamu ya mukaa, na mwenye nyumba akalalamika.

Maneno mekundu yalinipa kazi zaidi kuliko yote. Muzee mumoja wa upande wa Bukavu alikuja kutujaribia, jina lake lina ile alama ndogo inayoning'inia juu kama nzi. Akaandika jina lake vizuri, kwa heshima, na aplikasiyo ikamujibu kwa wino mwekundu: Nom invalide, yaani jina halikubaliki. Sasa kwetu invalide ni mutu aliyepoteza muguu au mukono. Muzee akasimama.

“Nani amesema jina yangu ni invalide? Baba yangu alitembea nayo hadi Kisangani.”

Tulimupa soda. Esperanse akairuhusu ile alama, na akabadili maneno yawe: Mashini haijaelewa. Mashini ndiyo ibebe lawama, haina mama wa kuaibika.

Tena kulikuwa na ile nyota nyekundu na maneno yake, champ obligatoire, yaani mahali hapa huwezi kuruka, sharti ujaze. Champ kwa Kifaransa cha shule yetu ni shamba. Mama mumoja aliyekimbia vita alisoma, akasoma tena, akarudisha telefone.

“Shamba yangu iko Rutshuru,” akasema. “Wanaivuna wengine. Ninyi munataka nilete shamba gani hapa?”

Tukaondoa neno hilo kwenye telefone zote. Lakini kati yetu liligeuka neno la kazi. Mahali popote pasiporukika tuliita shamba la lazima. Esperanse aliyapenda mashamba ya lazima. Kila aplikasiyo aliyoanza ilikuwa na mashamba mengi, nami nilipita nyuma yake nikimuuliza hili la nini, na hili la nini.

Sasa nifike kwa Mama Furaha, sababu ndiye aliyenifanya nikubali kuandika yote haya.

Vita ilikuwa imerudi upande wa Rutshuru. Watu walishuka na magodoro kichwani, wakajenga vibanda vya plastiki juu ya mawe meusi, kaskazini mwa muji, wengine kwenye njia ya Sake, na katika kukimbia watoto waliachana na wazazi. Neno namutafuta likarudi. Justin akasema safari hii hatutabandika karatasi kwenye nguzo. Wakatengeneza aplikasiyo: kwenye kila kambi mulinzi wa watoto anaandika mutoto aliye peke yake, na muzazi popote alipo anaandika anayemutafuta, na mashini inawakutanisha. Waliifanya haraka na waliifanya vizuri, ninasema hivyo bila deni kwa mutu. Shida moja ilikuwa majina kufanana. Furaha na Bahati na Neema wako kila kibanda. Esperanse akafikiri, akaweka shamba la lazima moja ambalo hata mimi nililisifu: jina la baba ya baba ya mutoto. Mutoto mudogo anaweza asijue jina la kijiji kwa kirefu, lakini babu yake anamujua.

Tulikwenda kambini, Esperanse na mimi, kuona watu wakiandika. Tukakaa chini ya turubai. Mama Furaha alikuja. Telefone yetu alijua kuishika, maana alikuwa na yake mwenyewe alipouza viazi sokoni, ikaibwa njiani. Mutoto wake Furaha, mwenye miaka tisa, aliachana naye kwenye daraja, watu waliposukumana. Akaandika jina la mutoto. Akaandika kijiji. Akafika kwa babu, akasimama.

Nikangoja. Hakuandika. Kifungo cha kutuma kilikuwa kijivu, hakibonyezeki. Nikafikiri hajaelewa, nikamusomea kwa sauti: jina la baba ya bwana yako. Akatazama pembeni, kama mutu aliyesikia neno la matusi. Nikarudia. Mimi ni Munande, nina mudomo. Nikamuambia mama, kama hujui, andika chochote, mashini inataka herufi tu. Basi akaandika, polepole, maneno matatu: Muzee wa Juu. Kifungo kikawa kijani. Akabonyeza.

Mashini ikafikiri, ikajibu: Hakuna.

Neno fupi hilo. Sisi katika atelye tulimaanisha kwamba mashini haijapata majina yanayolingana. Yeye alisoma kwamba mutoto wake hayuko tena duniani. Hakulia. Aliweka telefone chini juu ya jiwe, taratibu sana, na mikono yake ikabaki hewani kama bado inaishika.

Esperanse alikuwa upande mwingine wa turubai. Alikuja akachuchumaa, akasoma mustari ule, akanitazama mimi, akamutazama mama. Kisha akamuongelesha Kinyarwanda, nami sikusikia kitu, ila niliona uso wa mama unarudi. Esperanse akanieleza kwamba kwao, mwanamuke aliyeolewa vizuri hataji jina la baba mukwe wake. Halisemi na haliandiki. Hata neno linalofanana nalo analizunguka. Bibi yake Esperanse mwenyewe alikuwa na baba mukwe ambaye jina lake lilifanana na neno la maziwa, na maisha yake yote bibi yule aliita maziwa “nyeupe”. Huyu mama alimuita baba mukwe Muzee wa Juu, sababu nyumba yake ilikuwa juu ya kilima.

“Nilijua hii,” Esperanse akasema. “Nimekula kwa nyumba ya bibi, nimekunywa ile nyeupe. Na niliweka ile shamba.”

Nikamuambia aache kujipiga, apige klavie.

Alifungua kompyuta yake juu ya magoti. Akaiambia mashini itafute kwa jina na kijiji, bila babu. Wakatokea Furaha kadhaa, wa kijiji kimoja, wote kambi ya njia ya Sake. Mulinzi wa watoto kule aliitwa Papa Deo. Tukamupigia kwa telefone ya Esperanse, sauti tukaiweka ya kusikika na wote.

Papa Deo alikuwa mutu wa kanuni, na wala simulaumu. Alisema Furaha wake wako watatu, wa miaka inayokaribiana. Alisema siku zilizopita mutu alikuja kuchukua mutoto asiye wake, mutoto mwenyewe ndiye aliyepiga kelele. Na kesho gari lingewapeleka watoto wasio na watu mbali, kwa familia za kuwapokea, na hapo kumufuata itakuwa safari nyingine. Kwa hiyo alitaka jambo moja tu: mama ataje jina la babu. Kila mutoto amelitaja la kwake, yeye analo. Likilingana, aje achukue mutoto.

Esperanse akaanza kumueleza desturi. Papa Deo akasema desturi anaiheshimu, lakini yule mwizi wa mutoto naye angeweza kusema kwamba ana desturi. Je, hakuna mutu mwingine wa kwao wa kulitaja? Hapakuwa. Wote walitawanyika, bwana alikuwa amebaki kijijini na ng'ombe.

“Mama,” Papa Deo akasema, “ni jina moja tu. Mungu atakusamehe.”

Mama Furaha alifungua mudomo. Mutoto wake alikuwa upande wa pili wa jina moja, na mimi, ningekuwa mimi, ningelitaja, ningelipigia kelele hadi ziwani. Mudomo ukafungika. Akajaribu tena. Hakuna kilichotoka. Tulisikia upepo katika telefone ya Papa Deo, na watoto wanacheza, na yeye anavuta pumzi ya mutu anayetaka kuaga.

Kisha sauti nyembamba ya mutoto, karibu sana na telefone.

“Papa Deo, usikate. Uyo ni mama.”

“Umejuaje? Hajasema kitu.”

“Ndiyo vile najua. Mama hasemaka ile jina. Anamuitaka Muzee wa Juu.”

Mimi niliinamia telefone yetu pale juu ya jiwe, na maneno yale matatu yalikuwa bado yameandikwa kwenye kisanduku. Nikamusomea Papa Deo, neno kwa neno. Nikamuambia mama aliyaandika kabla hatujapiga, na kwamba mimi ndiye nilimuambia aandike chochote. Papa Deo akasema mama aje na mashahidi wawili, muchana huu huu, kabla ya chakula cha jioni.

Mama Furaha akanyoosha mukono nikamupa telefone ya Esperanse. Aliileta karibu na mudomo kwa mikono miwili. Nilitegemea maneno makubwa.

“Umekula?” akauliza.

“Nilikula. Sombe yao iko na muchanga.”

“Acha basi. Usimalize.”

Akarudisha telefone, akafunga kitenge chake upya, akatoka kwenda barabarani kusimamisha motari wa pikipiki, na Esperanse akakimbia nyuma yake kuwa shahidi. Mimi nilibaki kukusanya vyombo ili niwafuate, mimi shahidi wa pili. Telefone ya kujaribia ilikuwa ingali juu ya jiwe, Muzee wa Juu ndani ya shamba la lazima, na chini yake neno lile, Hakuna. Niliizima.